Mzee Mbonea na Agano la Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma hawajaitikia, au wameitikia kwa usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimewasikia. Sogeeni, wapeni nafasi waliochelewa, na mwenye kikohozi akohoe kabisa kabla sijaanza.

Zamani, kale ile ya kale, babu za babu zetu wakiwa hawajazaliwa, palikuwa na kijiji mlimani. Jina la kijiji sikupewa, nami siwezi kuwapa nisichopewa. Nilichopewa ni jina la mtu. Mtu huyo aliitwa Mbonea.

Mzee Mbonea alikuwa mwamuzi. Hakuwa mrefu. Hakuwa na sauti kubwa. Hakuwa na mifugo ya kutajika. Alikuwa na tabia moja tu iliyomtenga na wazee wenzake: haamui jambo mpaka amelifuata kwa miguu yake. Watu wakigombania mpaka, anakwenda mpakani. Watu wakigombania mbuzi, anakwenda zizini, anakaa na mbuzi. Wenzake walimcheka. Walisema mzee hukaa kitini, maneno yakamfuata. Yeye akawajibu kwamba maneno yakifika kitini yamekwisha kuoga na kuvaa.

Basi, katika kijiji hicho palikuwa na mhunzi. Mmoja tu. Aliitwa Kiangi, mtoto wa dada yake Mzee Mbonea.

Kiangi hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia mapema. Kazi ya chuma ni kazi ya kuungua. Unakusanya mchanga mweusi mtoni, unachoma makaa, unayeyusha, unafua. Mikono ya Kiangi ilikuwa na makovu hadi viwikoni. Na watu nao walimchezea. Mtu anachukua jembe, anaahidi kikapu cha mtama wakati wa mavuno, mavuno yanafika, haonekani. Mwingine analivunja jembe kwa uzembe, anarudi akicheka, anataka jingine.

Ndipo Kiangi akatunga agano. Kila achukuaye jembe, kwanza alikubali agano.

Mwanzoni lilikuwa fupi. Mwaka uliofuata akaongeza neno. Mwaka mwingine akaongeza neno. Agano likatambaa kama mmea wa maboga, huoni lilikoanza wala linakokwenda. Na kwa kuwa mvua zikikaribia watu walijipanga mlangoni kwake, Kiangi hakuacha kazi ili aseme. Alisema huku akifanya kazi. Mivukuto inapuliza moto, nyundo inapiga, na yeye anasema.

Fuu-faa, fuu-faa. Ngo! Ngo!

Neno linatoka, nyundo inaliangukia. Fuu-faa, fuu-faa. Ngo! Ngo!

Mwishoni anainua koleo, anauliza, “Umekubali?” Na mtu anajibu, “Nimekubali.” Nani angejibu vinginevyo? Mawingu yako juu, mbegu ziko nyumbani.

Mwaka mmoja akaja mwanamke kutoka nyikani chini. Aliitwa Nakijwa. Ukame ulikuwa umemaliza kwao, watu na ng'ombe. Alipanda mlima akiwa amembeba mama yake mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto. Wanakijiji wakawapa maji na uji. Mzee Mbonea akamwonyesha ubavu wa mlima ambao hakuna aliyeutaka, kwa sababu ya mawe.

Nakijwa hakulalamika. Alitoa jiwe. Akatoa jiwe. Akatoa jiwe. Mawe aliyoyatoa akayapanga yakawa ukuta, na nyuma ya ukuta ukatokea udongo mwekundu, mzuri, ambao hakuna mtu aliyejua kama upo. Lakini udongo huo haulimwi kwa kijiti. Akaenda kwa mhunzi.

Alisimama mlangoni na wenzake. Zamu yake ikafika. Kiangi akaanza kusema agano.

Fuu-faa, fuu-faa. Ngo! Ngo!

Lugha ya mlimani Nakijwa alikuwa bado anaijifunza. Alisikia “jembe”. Alisikia “mtama”. Alisikia “kabla ya mavuno”. Mengine yalikwenda na cheche. Akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yake, akamwuliza mhunzi amesema nini. Yule mtu akamwambia aseme amekubali, watu wanangoja, mvua hiyo.

Kiangi akainua koleo. “Umekubali?”

“Nimekubali.”

Akapewa jembe.

Akalima. Kwa! Kwa! Akalima mpaka viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakawa magumu. Akapanda mtama. Mvua ikanyesha. Mtama ukaota, ukafika magotini, ukataka palizi. Akapalilia. Kwa! Kwa! Kwa!

Kach!

Jiwe lilikuwa limejificha chini. Jembe likakatika shingoni.

Habari za kijijini zina mabawa. Siku hiyohiyo Kiangi alipanda ubavuni kwa Nakijwa akiwa na kigingi cha chuma. Akakipigilia kwenye kona ya shamba. Ngo! Ngo! Akamwambia maneno ya agano, safari hii polepole, kwa kuwa hapakuwa na moto. Jembe likivunjika kabla ya mavuno, shamba ni la mhunzi, na mkono ulioshika jembe ni wa mhunzi. Maana yake mtama ule haukuwa wake tena. Na yeye angebaki pale akilima, lakini akimlimia Kiangi.

Kiangi akashuka. Nakijwa akabaki amesimama na mpini. Mama yake, aliyekuwa ndani ya kibanda, akauliza mbona hasikii jembe.

Nakijwa akaenda kwa Mzee Mbonea. Alimkuta akichambua maharagwe. Akapiga magoti, akaamkia, na alipoulizwa ana neno gani, alisema hivi, na maneno haya yamefika kwetu kama alivyoyasema:

“Baba, sikuja kusema kwamba sikukubali. Nilikubali. Nimekuja kuuliza nilikubali nini.”

Mzee Mbonea akaacha maharagwe.

Jamani, lilikuwa jambo zito. Mzee huyu ndiye aliyewafundisha watu wa kijiji kile kwamba neno likitoka halirudi. Hawakuwa na kingine cha kushikia. Ndoa zao zilisimama juu ya neno. Mipaka yao, neno. Ng'ombe walioazimana, neno. Akilegeza neno moja, je, mengine yatasimama? Tena mhunzi alikuwa mpwa wake, na tangu mke wa mzee afariki, mama yake Kiangi ndiye aliyempikia. Jioni ile dada yake alimletea chakula kama kawaida. Hakusema kitu juu ya mwanawe. Aliweka chungu chini, akasimama mlangoni kidogo, akaondoka. Mzee alikula kidogo, akafunika chungu.

Asubuhi akaenda kwa mhunzi. Akamwomba Kiangi aeleze, naye akaeleza bila kuficha. Hakuona aibu yoyote. Alisema hakumshika mtu mkono. Mwanamke alikuja kwa miguu yake, akasema kwa kinywa chake. Kama aliliona agano ni gumu, angekwenda kwa mhunzi mwingine.

“Mhunzi mwingine yuko wapi?” akauliza Mzee Mbonea.

“Ng'ambo ya nyika, mjomba. Kila mtu anajua yuko.”

“Wewe umewahi kufika?”

Kiangi akakiri hajawahi.

“Mimi pia sijafika,” akasema mzee. Akaagiza shamba lisiguswe na mtu mpaka atakaporudi. Kigingi kikae. Nakijwa aamie ndege, wasile mtama, lakini asikate hata suke moja. Watu wakauliza anarudi kutoka wapi. Akasema anakwenda kwa mhunzi mwingine.

Wakamsihi. Wakamkumbusha umri wake. Wakajitolea vijana waende badala yake wamletee habari. Akakataa kwa upole. Akachukua fimbo na kibuyu cha maji, akashuka mlima.

Akatembea. Jua likawaka. Akatembea. Miiba ikamchana. Akatembea. Maji yakaisha kibuyuni, akachimba kwenye mto mkavu, akapata matone, akatembea.

Huku mlimani mtama ukafika kiunoni. Mzee hajarudi. Mtama ukatoa masuke. Mzee hajarudi. Nakijwa kila kukicha yuko shambani, hoo! hoo! anafukuza ndege kutoka kwenye chakula asichojua ni cha nani. Mama yake Kiangi akawa hapiki tena mapema. Kila jioni aliketi akitazama nyika, na mwanawe akipita hamsemeshi. Kiangi naye akawa anafua chuma akiwa na mawazo mengine. Nyundo ilimpiga kidole, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ujana. Watu wakaanza kusema chini kwa chini kwamba mzee amekufa, na kwamba amekufa kwa ajili ya jembe.

Mtama ukaanza kuwa mwekundu. Ndipo wachuuzi wa chumvi wakaonekana wakipanda mlima, wamebeba machela. Juu ya machela alikuwa Mzee Mbonea. Miguu yake ilikuwa imevimba, na mmoja ulikuwa na kidonda ambacho hakikupona tena.

Wakataka kumpeleka nyumbani. Akasema apelekwe kwa mhunzi, na watu wote waje huko.

Watu wakajaa bandani na nje ya banda. Mzee akalazwa karibu na fuawe, pale chuma kinapopigiwa. Akamwomba Kiangi awashe moto, apulize mivukuto, afue chuma, na aseme agano lake kama anavyolisema siku zote. Kiangi akafanya hivyo.

Fuu-faa, fuu-faa. Ngo! Ngo!

Alipomaliza, mzee akawageukia watu waliowahi kuchukua jembe. Akawaomba kila mmoja aseme alichokubali siku yake. Mmoja akasema alikubali kikapu kimoja cha mtama. Mwingine akasema hapana, ni vikapu viwili. Mzee mmoja mwenye heshima zake akasema yeye alikubali kuleta makaa. Mwanamke mmoja akasema alikubali kulirudisha jembe likiwa limenolewa. Hakuna aliyetaja shamba. Hakuna aliyetaja mkono.

Halafu mtu mmoja aliyekuwa nyuma, bwana mpole aitwaye Senzighe, akasema kwa sauti ndogo kwamba shamba lake la bondeni si lake tena. Jembe lilivunjika miaka iliyopita. Anamlimia Kiangi, na watu wakimuuliza huwaambia amelikodisha. Alinyamaza kwa sababu aliona aibu. Alidhani ni yeye peke yake ambaye hakusikia vizuri.

Mke wa jirani yake akamtazama. Akasema hata wao. Kisha mwingine akasema hata wao.

Kiangi akaweka nyundo chini. Akanyoosha mikono yake, makovu yakaonekana kwenye mwanga wa moto.

“Na mimi je, mjomba?” akasema. “Mnaniona mimi ni mwizi. Nani alinililia nilipoungua? Mlichukua majembe, mkala mtama, mkanipita njiani kama hamnijui. Nikatafuta neno la kunilinda, nikalipata, mkalikubali. Leo mkilivunja, kesho nani ataamini neno la mtu?”

Wengine wakainamisha vichwa, maana alisema kweli, na waliokuwa wamemdhulumu walikuwa palepale.

Mzee Mbonea akaomba maji, akanywa. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, watu walisogea ili wasikie.

“Nimefika kwa yule mhunzi mwingine. Yuko kweli. Ni mtu mwema, na jembe lake ni zuri. Nilipogeuka kurudi, mvua zilikuwa zimekwisha. Nakijwa angekwenda huko, angerudi na jembe jipya la kumchimbia mama yake kaburi. Umesema angeweza kukataa, mpwa wangu. Mwenye mlango mmoja hachagui mlango.”

Kiangi akatazama moto, mzee akaendelea.

“Nilifundisha kwamba neno likitoka halirudi. Nitakufa nikisema hivyo. Lakini agano ni neno linalotoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine. Lako lilitoka. Halikuingia kwa mtu hata mmoja humu. Wewe peke yako ndiye uliyelijua, na kitu anachokijua mmoja na kumnasa mwenziwe si agano. Ni mtego. Na hata kama lingeingia, hata kama Nakijwa angesikia kila kitu na akakubali kwa sababu ya njaa, bado ningekuambia: jembe haliwezi kula shamba.”

Ndipo akatoa hukumu. Kigingi king'olewe. Shamba ni la Nakijwa, mtama ni wa Nakijwa, na mkono wake ni wake. Mashamba mengine yaliyochukuliwa yarudi kwa wenyewe. Watu wakaanza kunong'ona kwa furaha, akawanyamazisha, maana hakuwa amemaliza. Nakijwa atampa Kiangi kikapu cha mtama, kwa kuwa jembe alilifanyia kazi, na jasho la mhunzi nalo ni jasho. Na kila aliyekula mtama wa Kiangi akajificha, aulete kabla hajavuna wa kwake. Akawatazama mmoja mmoja waliojijua.

Tangu siku hiyo, akasema, mhunzi akitaka kusema agano, mivukuto ikae kimya na nyundo ikae chini. Aseme. Kisha anayechukua jembe ayarudishe maneno yale kwa lugha yake mwenyewe. Akishindwa kuyarudisha, hakuna agano. Wayaseme upya mpaka yaingie.

Kiangi alisimama kama mtu aliyepigwa na baridi. Hakusema amekubali, hakusema amekataa. Lakini wachuuzi wa chumvi walipoinama kubeba machela, aliwasogeza kando. Akamwinua mjomba wake kwa mikono yake miwili, akambeba mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa amewahi kufika huko, na moto ulikuwa unawaka.

Kigingi alikwenda kuking'oa mwenyewe. Alikwenda bila kumwambia mtu. Hata hivyo hasira haikumtoka upesi. Aliifunga karakana yake, moto ukazimika, watu wakaingiwa na wasiwasi. Wakanong'ona kwamba mzee amewapa haki na kuwanyima majembe. Wengine wakamlaumu Nakijwa, wakasema mgeni ameleta balaa. Nakijwa alivuna. Akajaza kikapu chake, akajitwika kichwani, akawa wa kwanza kupeleka kwa Kiangi, kabla ya watu wote. Kiangi akakipokea mlangoni. Baada yake akaja Senzighe, ambaye hakuwa na deni lolote, akaleta makaa. Kisha wakaja wale waliojificha miaka yote, mmoja mmoja, wakitazama chini. Siku iliyofuata moshi ulionekana juu ya paa la mhunzi.

Mzee Mbonea hakuziona mvua za mwaka uliofuata. Kidonda kilimshinda. Alizikwa na watu wa mlimani na wachuuzi wa chumvi, na Kiangi ndiye aliyechimba kaburi, akakataa mtu yeyote ampokee.

Wengi walijiuliza kama hukumu yake ingedumu, kwa kuwa mwenye kuisimamia hayupo.

Mawingu yakarudi. Watu wakajipanga kwa mhunzi. Fuu-faa, fuu-faa. Ngo! Ngo! Zamu ya Nakijwa ikafika.

Kiangi akaachia mivukuto. Akaweka nyundo chini. Banda likawa kimya, hata mvua iliyokuwa mbali ilisikika. Akasema agano lake, neno baada ya neno. Nakijwa akayarudisha kwa lugha ya nyikani kwao, na kwa ile ya mlimani aliyokwisha kuijua. Kikapu cha mtama, sawa. Kulirudisha likiwa limenolewa, sawa. Alipofika mahali pamoja akasita.

Akasema neno moja halitaki. Lile linalosema jembe likivunjika, alipe jembe zima hata kama limevunjika kwa jiwe ambalo hakuna aliyeliona. Wale waliokuwa nyuma yake wakaguna. Mvua ilikuwa inakuja. Mmoja akataka kumwambia akubali tu, kisha akanyamaza.

Kiangi akapangusa mikono. Halafu akauliza, “Wewe ungelisemaje?”

Tangu atoke kwao hakuna aliyewahi kumuuliza Nakijwa swali kama hilo. Alifikiri. Akasema, jembe likivunjika kwa uzembe wake, atalipa zima. Likivunjika kwa jiwe lililojificha, yeye alete makaa, mhunzi alete mkono, waliunge pamoja, kwa kuwa jiwe halikuwa la yeyote kati yao.

Kiangi akaokota jembe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Nimekubali,” akasema mhunzi.

Wazee wetu waliokuja baadaye walitwambia hivi: ukiwa na nguvu kuliko mwenzio, wewe ndiwe unayepaswa kunyamaza kwanza ili yeye asikie, na umuulize kabla hujamfunga. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake bado haijatoka.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapa. Aliyeisikia amsimulie jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe.